Mgomba Ulionyonya Maziwa ya Shabani

Sauti ya kwanza ninayoikumbuka maishani ni king'ora cha kiwanda. Kililia asubuhi na mapema, kikalia adhuhuri, kikalia tena jioni, na kila mtu mtaani kwetu alikuwa amekikabidhi sehemu ya siku yake. Mama wauza maandazi waliinjika na kuepua kwa king'ora. Walimu wa shule yetu walitazama saa zao kikilia, na kama saa na king'ora havikupatana, walirekebisha saa. Sauti yenyewe ilipita juu ya mabati ya Morogoro ikaenda kugonga milima ya Uluguru, kisha ikarudi kwetu imefifia kidogo, na mimi kwa akili yangu ya kitoto niliamini kwamba kule juu kwenye mawingu kuna kiwanda kingine kidogo kinachoigiza cha kwetu. Nilimwambia bibi yangu mzaa mama habari hiyo, naye aliyeishi huko huko juu, akaniambia ni kweli kabisa, ila wafanyakazi wake ni nyani na mshahara wao ni mahindi yetu.

Masika ninayoyasimulia ni ya miaka ile ya ruksa, mdogo wangu Shabani akiwa bado hajajua kukaa. Mimi nilikuwa darasa la pili, mwenye maneno mengi na meno machache. Maduka ya mjini, ambayo nilikuwa nimeyazoea yakiwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, yalikuwa yameanza kujaa sabuni za kunukia, biskuti za pakiti na raba za rangi. Baba alikuwa karani wa ghala katika shirika la umma, na maduka yalipokuwa yakijaa, shirika lake likapunguza watu, naye akiwemo. Hakukaa kunung'unika. Alinunua robota la mitumba akaenda kulifungua sokoni, akawa anarudi jioni akinuka ile dawa ya nguo za mitumba, sauti imemkauka kwa kunadi. Kwa hiyo mshahara wa uhakika pale nyumbani ulibaki wa mama, aliyefanya kazi kiwandani katika chumba cha kusokota nyuzi. Na huko nako maneno yalikuwa yamezagaa kwamba kiwanda kinatafutiwa mwekezaji, na watakaopunguzwa kwanza ni wenye utoro. Likizo ya uzazi ilipokwisha, mama alivaa sare yake ya buluu akaondoka bila kugeuka nyuma. Shabani akabaki na shangazi Mwanaidi, dada yake baba.

Ndipo baba akaleta kopo. Sijui niseme nini ili msomaji wa leo aelewe maana ya kopo la maziwa ya mtoto katika nyumba ambayo kwa miaka ilikuwa ikipanga foleni ya sukari. Lilikuwa na picha ya mtoto mwenye mashavu kama maandazi yaliyoumuka vizuri, na baba aliliweka juu ya kabati, juu ya kitambaa cha kufuma, mahali palipokuwa pa redio. Jirani walikuja kumjulia hali mtoto wakaishia kutazama kopo. Baba alisimama kando amefunga mikono, akasema, "Mwanangu hatakosa kitu eti kwa sababu baba yake kapunguzwa kazini." Kila mtu alijua kwamba hapo anazungumzia zaidi ya maziwa.

Sasa nieleze habari ya mgomba. Kwao mama, mlimani juu ya Mlali, mwanamke anayenyonyesha akitoka shambani hampi mtoto titi moja kwa moja. Maziwa yaliyopigwa na jua huhesabiwa kuwa yamepata moto na yatamchafua mtoto tumbo, kwa hiyo hukamua chini kwanza ndipo anyonyeshe. Mama alikulia katika desturi hiyo na hakuwahi kuiuliza maswali. Na chumba cha nyuzi kilikuwa na joto kuliko shamba lolote la mlimani. Wanawake walitoka humo wamelowa jasho, pamba imewaganda kwenye nyusi. Mama akapiga hesabu zake mwenyewe. Ikiwa maziwa ya mwanamke aliyekaa juani yanamwagwa kidogo, basi ya mwanamke aliyekaa na mashine siku nzima yamwagwe yote.

Kila jioni, kabla hata hajamshika Shabani, alikwenda uani penye kibanda cha kuogea, ambapo palikuwa na mgomba mchanga. Aliinama akakamua mpaka yakaisha. Nilikuwa nikimfuata nikasimama pale nikitazama maziwa yakipotelea kwenye udongo, nami niliona ni jambo la kawaida kama kumwaga maji ya kuoshea vyombo. Kisha alioga maji ya baridi, akaketi kizingitini apoe. Alipokuwa tayari, Shabani alikuwa amekwisha kunywa chupa yake na kulala. Akiamka usiku, chupa nyingine ilikuwa kando ya kitanda, na mama kwa uchovu alimpa hiyo akageukia ukutani. Mgomba, kwa upande wake, ulinawiri. Ulitoa majani mapana ya kijani kilichoiva, ukaipita migomba ya jirani yote, na shangazi akawa anausifu kwa wageni.

Maziwa ya mama yakaanza kupungua. Mwanzoni alikuwa akikamua kwa muda mrefu huku akipiga soga na shangazi, baadaye kwa muda mfupi, mwishowe akawa anaminya na kuminya kwa matone machache. Jumapili, siku aliyokuwa nyumbani, alimwekea Shabani titi, naye akavuta kidogo, akaliachia, akajipinda na kulia kwa hasira. Jirani walikuja na kila aina ya ushauri. Mama alikunywa uji wa ulezi wenye pilipili manga, akala karanga mbichi, akanywa supu ya kuku mpaka akaichukia, na mtu mmoja alimletea majani machungu ambayo harufu yake ilitutoa sote jikoni. Hakuna aliyefikiria kilichokuwa kikitendeka uani, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba pana kosa.

Na kopo nalo halikuwa na uvumilivu. Lilikwisha upesi kuliko mitumba ilivyouzika, hasa masika, watu wasipokwenda sokoni kwa sababu ya matope. Shangazi akawa analibania ili lidumu: kijiko kikapungua, maji yakaongezeka, mpaka ikafika wakati nikiinua chupa naliona dirisha upande wa pili. Maji ya bomba yalikuwa yanakuja mekundu kwa mvua za mlimani. Shabani akaanza kuharisha. Mapaja yake yaliyokuwa na mikunjo yakalegea, macho yakawa makubwa, na kilio chake kikawa chembamba hata nilitamani alie kama zamani, kile kilio chake cha ugomvi. Nilimsikia mama akimwambia baba chumbani, "Huyu mtoto ataniponyoka mikononi, nami namtazama." Mimi niliogopa sana, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kumwona mama akiwa na la kufanya.

Mama aliomba ruhusa ya asubuhi moja akampeleka kliniki, nami nikafuatana naye kumbebea mwavuli. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Alimtundika Shabani kwenye mzani ule wa kuning'inia, akaangalia mshale, akamtazama mama, akaangalia tena mshale. Alitupa pakiti za dawa ya chumvichumvi ya kuchanganya na maji yaliyochemshwa, kisha akaketi.

"Unamnyonyesha saa ngapi?" akauliza.

"Jioni, nikishapoa."

"Ukishapoa nini, mwanangu?"

Mama akamweleza habari ya joto la chumba cha nyuzi, na maziwa ya jua, na kukamua. Muuguzi hakucheka, na hadi leo namshukuru kwa hilo. Alisema, "Maziwa hayaungui ndani ya mama. Hata ukishinda jikoni, yaliyomo ni mazuri. Kinachoyakausha ni kukaa bila kunyonywa. Mwili unatengeneza kile mtoto anachochukua. Wewe umempa chupa mchana, chupa jioni, chupa usiku. Mwili wako umeona mtoto hayupo, unafunga duka."

"Yatarudi?" mama akauliza.

"Yanarudi. Lakini ayaite mtoto mwenyewe, mara nyingi, mchana na usiku, hata akilikuta titi tupu. Kopo usilikate ghafla, maana kwa sasa ndilo chakula chake. Mpe kwa kikombe, achana na chupa, na ulichanganye kama lilivyoandikwa. Upunguze kadiri yako yanavyoongezeka. Na wewe ule, unywe maji ya kutosha, na ulale naye kifuani."

"Mchana niko kiwandani."

Muuguzi alifuta mzani kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayetafuta neno. "Hapo ndipo sina dawa," akasema.

Mama alituma salamu mlimani kwa mchuuzi wa mboga, na bibi akashuka. Alitembea kwa miguu mpaka Mlali, akapanda lori la kabichi, akaingia kwetu amebeba tenga la ulezi, karanga, majani ya maboga na kuku aliyekuwa na hasira ya safari. Alinukia moshi wa kuni na mvua. Alimchukua Shabani, akamgeuza huku na huku, akamrudisha mapajani pa mama, ndipo akataka kuelezwa. Mama alipofika kwenye habari ya uani, bibi alimkatiza.

"Nani alikufundisha kumwaga yote?"

"Si ni wewe, mama?"

"Mimi nilikuonyesha tone la jua. Tone. Wewe umefungua bomba." Akatoka uani kwenda kuutazama mgomba, akauzunguka, akarudi. "Kumbe mwanao yuko nje, amenenepa. Huyu uliyempakata ni nani?"

Mama alicheka, kicheko kilichochanganyika na kulia, na ilikuwa mara ya kwanza nyumba yetu kusikia kicheko tangu mvua zianze. Nisije nikaeleweka vibaya, bibi hakukubaliana na muuguzi kwa kila kitu. Alisema titi lililokaa siku nzima lazima litolewe tone moja, na hakuna atakayemwambia vinginevyo. "Tone moja la kwangu, mengine yote ya huyo wa kliniki," akaamua. Mama alikubali, maana kugombana na bibi kulihitaji nguvu ambazo sasa zilikuwa za Shabani.

Kilichobaki kilikuwa kopo, na mwenye kopo. Bibi alimheshimu sana mkwewe. Walizungumza kila mmoja ametazama pembeni, kama ilivyo adabu. Alimwita kwa jina langu, "Baba Zuhura, kopo ulilileta kwa mapenzi, na mtoto amefika leo kwa hilo. Utalinunua kidogo tena. Lakini sasa nakuomba umlishe mama yake, ili yeye amlishe mwanao." Baba aliinamisha kichwa. Nilimwona anaumia, kwa sababu kopo ndilo lililokuwa likimwambia kila asubuhi kwamba yeye bado ni baba mwenye nyumba. Kesho yake alirudi na mafungu ya mchicha, dagaa na kipande cha nyama, akavipanga mezani mbele ya mama kimoja kimoja. Kisha akavua saa yake, akaingia jikoni na kuanza kuchambua mchicha mwenyewe, jambo ambalo shangazi alilisimulia mtaani kwa muda mrefu.

Ya usiku yaliwezekana. Ya mchana ndiyo yaliyobaki, na geti la kiwanda lilikuwa na mlinzi, mzee wa makamo mwenye kofia ya kaki. Amri ilikuwa kwamba mfanyakazi hatoki kabla ya king'ora cha jioni, na asiye mfanyakazi haingii. Bibi alimfunga Shabani mgongoni, akaniambia, "Twende, mke mwenzangu," tukafika pale kabla ya adhuhuri. Mlinzi alimwamkia kwa adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kwenu wapi, baba?"

"Tabora, bibi. Mimi Mnyamwezi."

Niliona uso wa bibi ukichanua. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na mtani humfanyia mwenzake mambo ambayo mtu mwingine angepelekwa nayo polisi. Bila neno zaidi bibi alimvua yule mzee kofia, akaivaa mwenyewe juu ya ushungi wake, akaketi kwenye kiti chake cha ulinzi.

"Leo geti nalinda mimi," akasema. "Mizigo ya babu zenu ilipita kwetu ikielekea pwani, mkatumalizia viazi. Sasa mjukuu wangu ana njaa, na chakula chake umekifungia humo ndani. Kofia utaipata siku atakaposhiba."

"Mtani, utanifukuzisha kazi."

"Ukifukuzwa njoo mlimani, nitakupa shamba la kulinda nyani."

Yule mzee alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha aliangalia ndani, akaangalia barabarani, akamtazama Shabani aliyekuwa amelaza kichwa mgongoni, amelegea. Kicheko kikamwisha. Ndani ya geti, hatua chache tu, palikuwa na banda la baiskeli za wafanyakazi. "Banda hili si nje na si kiwandani," akasema polepole, kana kwamba anajifunza sheria mpya. "King'ora cha chakula kikilia, mwanao aje hapa. Mimi nitakuwa natazama barabara." Nakumbuka kwamba alipokuwa akitazama barabara alipiga mluzi muda wote, ili kina mama wajue hajageuka.

Basi ikawa kila adhuhuri. Tulivuka madimbwi, bibi na mtoto na kofia ya kaki, mimi na mwavuli, na mama akaja mbio kati ya baiskeli akifungua vifungo vya sare. Alikamua tone la bibi, kisha akampa Shabani. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Shabani alivuta, akakosa, akalia, akarudishwa, akavuta tena. Mama aliuma midomo. Usiku alilala naye kifuani, akiamka anyonye, na asubuhi nilimkuta macho mekundu. Kuna siku alimwambia bibi pale bandani, "Hakuna kitu, mama. Namdanganya tu mtoto." Bibi akamjibu, "Mdanganye na leo," akamfuta pamba kwenye nyusi kwa ncha ya kanga.

Halafu ikaja siku ambayo sikuijua itakuwa siku gani. Mvua ilikuwa imekatika, milima imejitokeza yote hadi juu. Tulikuwa tumechelewa, tungali nje ya geti king'ora kilipolia, na kwa uwazi wa seng'enge nilimwona mama akitoka mlangoni na wenzake. Katikati ya uwanja alisimama ghafla, akajitazama kifuani. Mbele ya sare yake ya buluu palikuwa na mabaka mawili yaliyolowa, nayo yalikuwa yakipanuka. Shabani alikuwa hajafika hata karibu yake. Kilichoyaita maziwa kilikuwa king'ora. Mama hakukimbia siku hiyo. Alikuja akitembea, ameziacha nguo zake zilowe watu wote waone, na machozi yakimtoka bila kuyafuta. Shabani alinyonya tukasikia anavyomeza, akakohoa kwa wingi wa maziwa, akarudi kunyonya. Bibi alivua kofia, akaikung'uta, akamrudishia mwenyewe. "Amani, mtani," akasema. Mzee aliivaa, akatazama barabara, akasahau kupiga mluzi.

Kopo tulilipunguza kidogo kidogo mpaka likawa la kupimia ulezi. Kliniki, mshale wa mzani ulipanda, na muuguzi akamfinya Shabani paja kwa furaha yake mwenyewe. Wafanyakazi wengine waliposikia, nao wakaletewa watoto wao, banda la baiskeli likawa na kelele kuliko shule yetu. Bibi alirudi mlimani mvua zilipoisha. Kiwanda kilimpata mwekezaji, kikafungwa kwa matengenezo, na matengenezo hayakwisha. King'ora kikanyamaza Shabani akiwa anakimbia na kuvunja vikombe. Kwa muda mrefu baadaye, adhuhuri ikifika, nilimwona mama akisimama na ufagio mkononi, kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali.

Leo nafanya kazi ofisini kule Mzumbe, na nilipokuwa na mwanangu mchanga nilikamua maziwa wakati wa chakula nikayahifadhi kwenye jokofu, wala hakuna aliyehitaji kumvua mtu kofia. Mama alipoiona mara ya kwanza ile chupa imesimama kati ya nyanya na soda, alifungua na kufunga mlango wa jokofu mara kadhaa. "Kumbe yanawekeka," akasema. Nilimsikia anavyopiga mahesabu ya jioni zile zote za uani. Kwa hilo naona mambo yamekuwa afadhali. Lakini nilikamulia maziwa yale katika chumba cha mafaili nimefunga mlango kwa ufunguo, peke yangu, na kuna siku nililitamani lile banda la baiskeli na mluzi wa yule mzee.

Masika haya Shabani amepata mtoto wa kwanza. Ni mwanaume mkubwa sasa, mlango wa nyumba yetu anauingia akiinama. Mgomba ule wa uani ulishakufa, wamebaki watoto na wajukuu wake, shina moja nene ambalo mama humtania nalo Shabani kila akija: "Msalimie ndugu yako wa kunyonya." Mwaka jana alipokuwa akijenga ukuta wa kuzunguka kiwanja, fundi alitaka kuling'oa ili ukuta unyooke. Shabani alikataa, na ukuta wetu una kona ambayo wageni huiulizia. Wiki iliyopita mama alikata mkungu hapo, akapika mtori kwa ajili ya mke wa Shabani, aliyelalamika kwamba maziwa hayajashuka vizuri. Nilikuwa nimekaa na mama jikoni, naye akichochea sufuria kwa mwiko, hana haraka. Alimtazama mjukuu wake aliyelala mapajani pangu.

"Haya ni maziwa yale niliyomwaga ya baba yake," akasema. "Yamechelewa tu kufika."